Vijana wanaojitosa hatarini na lawama zinazokosa shabaha

Agosti 2009 mahakama ya Utrecht, nchini Uholanzi, ilipelekewa swali ambalo wazazi wengi wangelijibu kwa pumzi moja. Msichana wa miaka 13, Laura Dekker, alitaka kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya matanga. Baba yake alikuwa upande wake, serikali ikapinga. Majaji wakaamua kwamba baraza la ulinzi wa watoto lishiriki katika ulezi wake, jambo lililomzuia kuondoka. Desemba mwaka huohuo akatoweka nyumbani, akapatikana kisiwani Sint Maarten, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Julai 2010 mahakama ya Middelburg ikauondoa usimamizi huo. Mwezi uliofuata aling'oa nanga Gibraltar, na tarehe 21 Januari 2012, akiwa na miaka 16, akaufunga mzunguko wake huko Sint Maarten, kisiwa alichoanza kuuhesabia.

Waliomshangilia waliona wameshinda hoja. Waliompinga walisema kufika salama hakuthibitishi chochote, na hapo walikuwa sahihi: anayevuka barabara kuu amefumba macho akafika upande wa pili hajaonyesha kwamba barabara ile ni salama. Lakini kosa hilo hutendwa na pande zote mbili. Kijana akifika, anaitwa shujaa. Akifa, wazazi wake wanaitwa wazembe. Katika hali zote mbili hukumu hutolewa kwa kuangalia mwisho wa safari, na maandalizi hayaulizwi.

Ukiyasikiliza mabishano haya kwa makini utaona kwamba maswali matatu yamefungwa fundo moja. Jambo lenyewe ni la hatari kiasi gani? Kijana ana uwezo wa kuipima hatari hiyo? Na akikwama, nani ataingia hatarini kumtoa? Lawama tunazozisikia kila mara huyajibu yote matatu kwa kutaja umri tu. Mimi naona hapo ndipo zinapokosa shabaha. Umri una uzito wake, sikatai. Lakini ukizichunguza ajali zenyewe, unakutana tena na tena na vitu viwili ambavyo wakosoaji huvipita haraka: tarehe ambayo mtu ameahidi kumaliza, na macho ya watu wanaomtazama.

Kijana anaijua hatari

Dhana iliyoenea ni kwamba kijana hujitupa hatarini kwa sababu hajui kinachoweza kumpata, au kwa sababu anadhani hafi. Utafiti wa saikolojia haukubaliani na hilo moja kwa moja. Valerie Reyna na Frank Farley, wanasaikolojia wa Marekani walioandika sana kuhusu maamuzi ya vijana, wameonyesha kwamba vijana mara nyingi huikadiria hatari kuwa kubwa kuliko ilivyo. Tofauti yao na watu wazima iko kwingine. Mtu mzima akiulizwa kama ni wazo zuri kuogelea na papa, hukataa papo hapo bila kupiga hesabu. Vijana walioulizwa maswali ya namna hiyo katika maabara walichukua muda mrefu kidogo kujibu. Nao walijibu hapana, ila walikuwa wamepitia faida na hasara kwanza. Ukishalijua hili, unaelewa kwa nini mahubiri ya "utakufa" hayafui dafu. Kijana ameshaliweka hilo kwenye mizani, na upande wa pili ameweka jambo ambalo mhubiri hajaliuliza.

Jambo la pili ni la ubongo wenyewe. Maeneo yanayoshughulika na raha na zawadi, yale yanayotumia kemikali ya dopamini, huchangamka sana wakati wa balehe. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Watu wengi hulitoa hili kama ushahidi wa kufunga mjadala: ubongo haujakomaa, basi asiruhusiwe. Ila matokeo yana sura mbili. Laurence Steinberg na wenzake, waliopima vijana katika nchi 11, waligundua kwamba uwezo wa kufikiri kwa utulivu, pale ambapo hakuna haraka wala shinikizo, hufikia kiwango cha mtu mzima mnamo miaka 16. Kinachochelewa ni uwezo wa kujitawala wakati hisia zimepanda.

Na nini hupandisha hisia? Mwaka 2005 Margo Gardner na Steinberg walichapisha jaribio ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambapo taa ya barabarani hugeuka njano na mchezaji huamua aendelee kwa muda gani kabla ya kusimama. Wengine walicheza peke yao, wengine walicheza huku wenzao wa rika moja wakiwatazama. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi sana walipotazamwa. Watu wa miaka 24 na kuendelea hawakubadilika. Walicheza vilevile, watazamaji wawepo au wasiwepo.

Zingatia kwamba katika jaribio hilo umri wa kijana ni uleule, gari ni lilelile, na taa ni ileile. Kilichobadilika ni kuwepo kwa hadhira.

Saa iliyowekwa mbele ya dhoruba

Kisa ambacho hakipaswi kusahauliwa ni cha Jessica Dubroff. Alikuwa na miaka 7. Tarehe 10 Aprili 1996 aliondoka Half Moon Bay, California, katika ndege ndogo ya Cessna, pamoja na baba yake na mwalimu wa urubani, ili aivuke Marekani na kurudi akiwa rubani mdogo kuliko wote. Waandishi wa habari walifuatana na safari hiyo kituo kwa kituo. Siku ya pili asubuhi, mjini Cheyenne, mvua ilikuwa inanyesha na radi inakaribia. Uwanja wa Cheyenne uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mabawa hayabebi kama yanavyobeba pwani. Ndege ilikuwa imezidishiwa uzito. Waliruka hata hivyo, na muda mfupi baadaye ndege ikaanguka. Wote watatu walikufa.

Ripoti ya wachunguzi wa ajali haikumlaumu mtoto. Ilisema mwalimu, aliyekuwa rubani mwenye dhamana, alikosea kuamua kuruka katika hali ya hewa iliyokuwa inazidi kuharibika, na ndege ikiwa nzito kupita kiasi. Kisha ikataja jambo lililochangia uamuzi huo: hamu ya kuifuata ratiba iliyokuwa ngumu mno, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi walizokuwa wametoa kwa vyombo vya habari. Ilhali hata kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kimekwisha kuachana na rekodi za marubani wadogo kwa kuhofia ajali. Walikuwa wanakimbilia taji ambalo halikuwepo tena.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu watu wazima wawili walikuwemo ndani ya ndege. Umri wa mtoto ulivutia kamera, lakini uamuzi mbaya ulifanywa na mtu mzima mwenye leseni na ujuzi, aliyebanwa na saa. Oktoba mwaka huo Marekani ilipitisha sheria inayomkataza mtu asiye na leseni ya urubani kushika usukani wa ndege katika jaribio la kuweka rekodi. Naiona sheria nzuri, kwa sababu iligusa rekodi yenyewe. Haikumzuia mtoto kujifunza kurusha ndege.

Rekodi ya "mdogo kuliko wote" ina kasoro ya maumbile. Mbio nyingine zote hukuruhusu kusubiri hali nzuri. Ukikosa mwaka huu, utajaribu mwaka ujao ukiwa na nguvu na ujuzi zaidi. Rekodi ya umri huisha siku ya kuzaliwa. Kila wiki unayoisubiri bahari itulie ni wiki inayokusogeza nje ya taji. Baraza la kimataifa linaloshughulikia rekodi za mwendo wa mashua halitambui kabisa daraja la umri, na sababu ni rahisi kuielewa.

Mmarekani Abby Sunderland alianza safari yake ya kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya matanga Januari 2010 akiwa na miaka 16. Vifaa vilimsumbua, akalazimika kutia nanga, na safari ya kwenda bila kusimama ikavunjika. Alipoondoka Cape Town ilikuwa mwishoni mwa Mei, majira ya baridi yanaingia kusini mwa dunia, na mabaharia wazoefu walionya kwamba kusini mwa Bahari ya Hindi si mahali pa kuwa wakati huo. Tarehe 10 Juni wimbi liliipindua mashua yake na kuvunja mlingoti, kiasi cha kilomita 3,200 kutoka Australia. Ustadi wake haukuwa tatizo kubwa. Alijihifadhi vizuri na akaokolewa akiwa mzima siku mbili baadaye. Tatizo lilikuwa kalenda.

Mlinganishe na Robin Lee Graham, aliyeondoka California mwaka 1965 akiwa na miaka 16, peke yake katika mashua ndogo. Alitumia takriban miaka mitano, akitia nanga alipotaka. Alivunjikiwa na mlingoti zaidi ya mara moja, akatengeneza, akaendelea. Hakuna aliyekuwa anamhesabia siku.

Ni haki pia kusema kwamba si kila mwenye saa huangamia. Jessica Watson wa Australia alirudi Sydney tarehe 15 Mei 2010, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 17, baada ya siku 210 baharini bila kusimama. Kisa chake kinatufikisha kwenye suala la maandalizi, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote.

Kugeuka ni ujuzi

Usiku wa Septemba 2009, katika safari ya majaribio, Watson aligongana na meli ya mizigo iitwayo Silver Yang. Mlingoti wake ulivunjika. Magazeti yalimshukia, na mamlaka za usalama wa bahari za jimbo lake zilimsihi aahirishe. Wachunguzi waliona kwamba pande zote mbili hazikuwa zikiangalia bahari ipasavyo wakati wa mgongano. Alirekebisha mashua, akarekebisha utaratibu wake wa kulala na kulinda, akaondoka mwezi uliofuata. Ukosoaji uliomfikia ulikuwa wa aina mbili. Mmoja ulisema: wewe ni msichana, rudi nyumbani. Wa pili ulisema: ulilala kabla ya kuhakikisha njia ni nyeupe. Wa kwanza haukuwa na la kumfundisha. Wa pili ulimgusa, kwa sababu ulihusu kitu anachoweza kukirekebisha.

Hata kwa Dekker, upinzani ulileta faida ambayo mashabiki wake huisahau. Muda ule wa kesi ulimpa karibu mwaka mzima wa kujiandaa. Aliondoka na mashua kubwa kuliko aliyokusudia mwanzoni, amejifunza huduma ya kwanza, amefanya mazoezi ya kukabili uchovu wa kukosa usingizi, na ana mpango wa masomo. Alipofika kaskazini mwa Australia alichagua kuzunguka kupitia Afrika Kusini, akikwepa eneo la maharamia katika Ghuba ya Aden. Mahakama haikumvunja moyo. Ilimlazimisha ajibu maswali, na akawa na majibu.

Katika milima somo ni kali zaidi. Temba Tsheri wa Nepal alijaribu kupanda Everest mwaka 2000 akiwa na miaka 15, akageuka karibu na kilele, na baridi ikamnyang'anya vidole vitano. Mwaka 2001 alirudi kupitia upande wa Tibet, akafika. Wapo wanaokisoma kisa hicho kama hadithi ya ushindi, na wengine kama ushahidi wa wazimu. Mimi naona kugeuka kwake ndiko kulikomwezesha kuwa na mwaka 2001. Nepal imeweka umri wa chini wa miaka 16 kwa wanaopanda kutoka upande wake, na wadogo zaidi, kama Mmarekani Jordan Romero aliyefika kileleni Mei 2010 akiwa na miaka 13, walipitia Tibet. Kikomo cha umri ni cha lazima, lakini hakisemi lolote kuhusu yule wa miaka 25 mwenye fedha za kulipia safari na asiyejua kufunga kamba yake.

Nima Rinji Sherpa alimaliza vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000 mnamo Oktoba 2024, akiwa na miaka 18. Amekulia katika ukoo wa wapanda milima. Ujuzi wa kusoma theluji, wa kujua lini mlima unakataa, aliurithi kwa watu waliozika wenzao huko juu. Kijana anayepata malezi hayo na kijana aliyeona video ya dakika mbili hawako katika hatari moja, hata wakisimama kwenye mteremko uleule.

Hapa ndipo lawama za jumla zinapofanya madhara. Watafiti waliokusanya taarifa za habari kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2017 walihesabu watu 259 waliokufa wakijipiga picha, wastani wa umri wao ukiwa chini kidogo ya miaka 23. Wengi walizama, wakagongwa au wakaanguka. Hao hawakuwa na kamba, hawakuwa na mwalimu, hawakuwa na mpango wa kurudi. Walikuwa na simu na watu wa kuwaonyesha. Kijana anayening'inia ukingoni mwa jengo refu kwa ajili ya picha, na kijana aliyejifunza kupanda miamba kwa miaka, hukaripiwa kwa maneno yaleyale. Wa pili anajua maneno hayo hayamhusu, wa kwanza anajifunza kwamba wakubwa hawatofautishi, na wote wawili wanaacha kusikiliza. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni kweli pale mkuu anapojua anachokisema.

Na hatari inayoua vijana wengi kuliko zote haina hata sifa ya ujasiri. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29. Hakuna mahakama inayokaa kujadili kama kijana apande pikipiki bila kofia ngumu usiku wa Jumamosi.

Deni la wengine

Hoja ya wakosoaji ninayoikubali bila masharti inahusu watu wa tatu. Abby Sunderland alipopatwa, ndege ya abiria ilikodiwa kutoka Australia kumtafuta, na meli ya uvuvi ya Kifaransa ikaacha kazi yake kumfuata. Katika kumwokoa, nahodha wa meli hiyo alianguka majini, ikabidi naye aokolewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1979 kuhusu utafutaji na uokoaji baharini unataka mtu asaidiwe bila kujali uraia wake, hadhi yake wala mazingira aliyokutwa nayo. Ni kanuni adilifu, na isiguswe. Siku tutakapoanza kuuliza kama mtu anayezama alistahili kuwa baharini, watakaokosa msaada kwanza watakuwa maskini na wakimbizi.

Ila kwa sababu msaada hautozwi wala hauna masharti, anayekwenda ana wajibu mzito zaidi wa kuupunguza uwezekano wa kuuhitaji. Everest deni hilo lina sura za watu. Tarehe 18 Aprili 2014 poromoko la barafu liliua wafanyakazi 16 wa Nepal waliokuwa wakiandaa njia na kubeba mizigo ya wateja. Kijana anayesema "ni maisha yangu" anasema kweli pale tu ambapo hakuna mwingine anayefunga ngazi mbele yake gizani. Hoja hii haina umri. Inamhusu tajiri wa miaka 60 kama inavyomhusu mtoto wa miaka 13, na inashangaza kwamba huelekezwa kwa mtoto peke yake.

Kwa hiyo kijana wako akija na mpango wa kuvuka maji, kupanda jabali au kuruka na parashuti, kumkatalia kabla hajamaliza sentensi kunaweza kumfundisha kwenda bila kukuambia, na anayekwenda kwa siri huenda bila vifaa na bila mtu anayejua aanze kumtafuta wapi. Muulize ni nini kitamfanya ageuke: upepo wa kiasi gani, saa ngapi, dalili ipi mwilini. Asipoweza kutaja hata kimoja, hajawa tayari, awe na miaka 15 au 35. Muulize ni nani amemfundisha na mara ya mwisho mwalimu huyo alighairi safari kwa sababu gani. Muulize kama angeifanya safari hiyohiyo bila kuipiga picha na bila kuitangaza hadi atakaporudi. Jibu la swali hilo huchelewa, na ucheleweshaji wake unasema mengi. Kisha akubali kuwepo kwa mtu mmoja nchi kavu mwenye mamlaka ya kusema basi, na neno lake liheshimiwe bila mjadala. Mtu huyo asiwe mfadhili, asiwe mpiga picha, na asiwe mzazi ambaye ndoto hiyo ilikuwa yake kwanza.